Tupeane uzoefu: tovuti ya kawaida au programu ya wavuti kwa biashara zetu za Amu (Lamu) na Malindi?

Mwenye Nyumba, Mkomani
Assalaam alaykum jamaa. Kila wiki kuna kijana anauliza atengenezewe nini, tovuti ya kusoma tu au programu ya wavuti ambayo mtu anaingia na kufanyia kazi humo, na kila fundi anamjibu lile analouza yeye. Basi naanza mimi na yangu, na kila mwenye lake alitoe. Msione haya, pesa zenyewe zilishakwenda.

Nina nyumba ya wageni, vyumba vitano. Nilikuwa naiendesha kwa daftari na WhatsApp. Akaja kijana mmoja akaniambia, "Mzee, tovuti ni mambo ya zamani, wewe wataka programu kamili." Shilingi 120,000, nusu mbele. Programu ikaja kweli: mgeni ajisajili, athibitishe barua pepe, aweke nenosiri, achague chumba, alipe. Ukiitazama inapendeza. Msimu mzima wa kaskazi walijisajili watu wanne, na mmoja wao ni binamu yangu aliyekuwa akijaribu.

Mgeni alikuwa akifungua programu tu anaambiwa "Jisajili kwanza", anarudi alikotoka. Asiyechoka ananitafuta WhatsApp: chumba kina feni? Nikitua uwanja wa ndege wa Manda navukaje? Nikija kwa basi, pale Mokowe, upande wa bara, boti zipo mpaka saa ngapi? Mambo ambayo watu walitaka kuyasoma hayakuandikwa popote.

Kilichonimaliza ni Maulidi. Mfungo Sita mji unajaa, mwajua wenyewe. Nilikuwa na kalenda tatu: ya programu, ya mtandao wa nje wa kuweka nafasi, na daftari langu. Hazikuwa zikiambizana. Familia mbili zikafika siku moja kwa chumba kimoja, mizigo iko juu ya punda, watoto wamelala begani. Familia moja ililala chumbani kwangu, na mimi na mke wangu tukalala kwa shemeji.

Sasa nina tovuti ya kurasa nne: picha, bei, njia ya kufika na kitufe cha WhatsApp. Kalenda ni moja. Simu zinalia.

Nahodha wa Mashua
Ukurasa mmoja tu, mzee wangu. Picha ya mashua, bei ya kwenda magofu ya Takwa, bei ya machweo, namba ya simu. Wakati wa kusi naandika juu kabisa kwamba safari za mbali zimesimama, na kaskazi ikirudi naondoa. Programu ya nini? Upepo hauingii kwenye kalenda.

Mwenye Nyumba, Shela
Bwana wa Mkomani, hapo sikubaliani nawe. Kosa si programu, kosa ni kumlazimisha mgeni ajisajili kabla hajaona hata kitanda.

Mimi nilikuwa nikikatwa asilimia 15 na mitandao ya nje kwa kila nafasi. Wageni wangu wengi ni wale wale, wanarudi kila mwaka. Nikatengenezewa mfumo wa kuweka nafasi moja kwa moja: mtu anaona siku zilizo wazi, anajaza jina na simu, analipa amana, basi. Hakuna nenosiri. Na kalenda yangu imefungwa pamoja na ya ile mitandao, kila baada ya muda zinasomana. Ulipie hilo kwanza kabla ya rangi na vikorombwezo. Miaka miwili sasa sijawahi kugonganisha wageni. Nusura siku moja, maana kusomana huko hakufanyiki papo hapo, lakini nilimwahi mgeni kwa simu.

Mwenye Nyumba, Mkomani
Nimekubali nusu. Wewe una wageni wanaorudi. Wangu wengi wanakuja mara moja maishani, na kabla hawajatoa pesa wanataka kuzungumza na mtu.

Dobi wa Casuarina
Jamani mnazungumza kama kila biashara ni ya wageni. Niwasimulie ya Malindi.

Nafua mashuka na taulo za nyumba za kukodisha, zaidi ya ishirini. Mie sina haja ya kuonekana na mtu wa ulaya, wateja wangu nawajua kwa majina. Kijana wangu alinitengenezea tovuti nzuri yenye picha za mashuka meupe yameanikwa, na kwa miezi minane haikuniletea mteja hata mmoja. Nani anakaa usiku akitafuta dobi wa kufua mashuka ya nyumba sita?

Shida yangu ilikuwa hesabu. Mtunza nyumba anasema alitoa mashuka 14, mfanyakazi wangu anasema alipokea 12, mwenye nyumba yuko Italia ananipigia simu. Kila mwezi nalipa mashuka ambayo sijayaona. Nikaanza na fomu ya bure ya Google, inaingia kwenye jedwali. Mtunza nyumba anajaza idadi, mpokeaji wangu anajaza yake. Zikipishana tunamalizana pale pale getini. Nilikaa na jedwali hilo mwaka mzima, na ndilo lililonifundisha ninachotaka.

Ndipo nikamwendea fundi na karatasi moja. Kila mtunza nyumba aingie na aone nyumba yake tu. Mwenye nyumba aone zake zote. Mimi nione zote. Mzigo uwe na hali: umepokewa, unafuliwa, uko tayari, umerudishwa. Hayo ukurasa wa kusoma hauwezi.

Ila haya yategeeni masikio. Kwanza, mtandao. Mtu anajaza, mtandao unakatika, kila kitu kinapotea, anajaza tena kwa hasira na idadi inabadilika. Fundi akarekebisha: maandishi yanakaa kwenye simu, yakipata mtandao yanajituma yenyewe. Pili, malipo. Tuliunganisha M-Pesa, mteja anapata ombi kwenye simu anaweka PIN. Uthibitisho huo hutumwa kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoendesha programu. Siku seva yangu imelala, mteja kalipa, programu inamwambia hajalipa. Hebu fikirini maneno niliyoambiwa kwa Kitaliano. Sasa kila jioni nalinganisha na taarifa ya till yangu ya M-Pesa, hata kama programu inasema kila kitu sawa.

Tatu, kila mwezi nalipia seva na namlipa fundi kidogo aiangalie. Tovuti ile ya mashuka meupe ningeweza kuisahau mwaka mzima, hii siwezi hata wiki. Bado naona inalipa, kwa sababu sijalipia shuka lililopotea tangu tuanze.

Fundi wa Mitandao, Malindi
Dada Dobi, hiyo karatasi yako moja ni bora kuliko wateja wangu kumi. Niongeze machache ya ufundi.

Tovuti ya kawaida humpa kila mtu kitu kile kile. Programu ya wavuti inakujua wewe ni nani, inakupa chako, inakumbuka ulichofanya jana. Gmail tangu mwaka 2004 ni hivyo hivyo, kwenye kivinjari, hakuna cha kupakua. Kwa hiyo jiulize mteja anakuja kusoma au anakuja kufanya kazi.

Kumbukeni pia kwamba kilicho nyuma ya nenosiri Google haikioni. Nimekuta mtu kaweka bei na huduma zake zote ndani ya programu, kisha analalamika hapatikani akitafutwa. Ukihitaji vyote viwili, weka tovuti mbele na programu kwenye anwani ndogo kando, chini ya jina lile lile.

Mkikusanya majina na namba za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Usichukue usichokihitaji.

Na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako, liandikishwe kwa jina lako. Nimepokea mteja ambaye fundi wake wa zamani aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe, wakagombana, tovuti ikazimika katikati ya msimu. Tulimaliza miezi tukilidai.

Mchonga Nakshi, Langoni
Wanangu, nimesoma yote nimechoka. Mie nachonga milango na masanduku. Nina simu, nina ukurasa wa Facebook aliounda mjukuu. Yatosha au haitoshi?

Dobi wa Casuarina
Shikamoo babu. Yaweza kutosha mpaka siku akaunti ifungwe. Yangu ilifungwa wiki tatu, bila sababu niliyoielewa.

Fundi wa Mitandao, Malindi
Babu, wewe tovuti ndogo. Mlango mmoja unachukua miezi, huhitaji mtu abonyeze "nunua". Picha kubwa, mti gani, vipimo, muda wa kuchonga, simu. Ila picha zipunguzwe uzito, mtu wa bando dogo asisubiri.

Mchonga Nakshi, Langoni
Marahaba binti yangu. Haya kijana, picha nitazipiga vipi? Karakana ina giza.

Mwenye Nyumba, Mkomani
Mzee, nakuja kesho mapema na simu yangu. Tutaubeba ule mlango wa mti wa mfenesi tuuweke barazani jua likiwa bado jororo, kabla punda hawajaanza kupita.