Mjadala: Elspeth Huxley tumweke rafu gani?

Wenzangu, naleta hoja ambayo imenikaa moyoni tangu niliposoma vitabu viwili vya mwandishi huyu kimoja baada ya kingine. Je, Elspeth Huxley ahesabiwe katika fasihi ya Kenya na asomwe na vijana wetu, au tuwaachie Waingereza mwandishi wao? Wapo wasemao kwamba alikuwa mtetezi wa walowezi, kwa hiyo hana lake kwetu. Wapo wasemao alikulia Thika na kuipenda nchi, basi ni Mkenya, yaishe. Mimi siafiki upande wowote kati ya hizo mbili.

Kwa asiyemjua: alizaliwa London mwaka 1907, akaja Kenya utotoni wazazi wake walipokwenda kuanzisha shamba la kahawa Thika. Baadaye alisomea kilimo Uingereza na Marekani, na mwaka 1931 akaolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Mwingereza Aldous Huxley. Aliandika riwaya za upelelezi, historia, habari za safari na kumbukumbu zake mwenyewe, hadi akafariki mwaka 1997.

Kitabu kilichompa jina ni The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto wake. Kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1981 kikafanywa tamthilia ya televisheni. Ni kitabu kizuri, nakiri. Harufu ya vumbi, ng'ombe wa kukokota mkokoteni, nyumba ya nyasi, vyote unaviona. Lakini mwanzoni kabisa anasimulia jinsi baba yake alivyonunua ekari 500 ndani ya baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa mtu aliyevaa tai ya Eton, shule ya wakubwa wa Uingereza. Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Ekari mia tano zinauzwa baa! Muuzaji anaaminika kwa tai yake, na katika mazungumzo hayo hakuna mzee hata mmoja wa Kikuyu anayeulizwa ardhi hiyo ni ya mbari gani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikuwa imekwisha kuwafungulia walowezi mlango. Mwandishi anaipita habari hiyo kwa wepesi, kama kisa cha kuchekesha cha baba asiyejua biashara.

Tena tazameni mwaka wenyewe. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliokuwa wamezuiliwa kwa ajili ya Mau Mau walipigwa na askari hadi kufa. Mwaka uleule, msomaji wa Uingereza aliletewa Kenya ya maua mekundu na watumishi wanaochekesha. Sisemi Huxley alipanga iwe hivyo. Nasema kitabu kilipokelewa na watu waliohitaji sana Kenya ya namna hiyo, na hadi leo ndicho anachopewa mgeni akiulizia kitabu cha kumjulisha nchi yetu. Hilo linaniuma.

Sasa njooni kwenye Red Strangers, riwaya ya mwaka 1939. Hapa nawaomba wale wa "hana lake kwetu" wanivumilie, kwa sababu wengi wao nikiwauliza wananiambia hawajaisoma. Ili aiandike, Huxley alikwenda kukaa Ukikuyuni, upande wa Nyeri, akawasikiliza wazee waliokuwa watu wazima Mzungu wa kwanza alipofika. London alikuwa amehudhuria semina za Malinowski, mwanaanthropolojia, zilezile alizohudhuria Jomo Kenyatta. Riwaya inafuata familia moja ya Kikuyu kwa vizazi kadhaa, na Mzungu hatokei ila kama mgeni mwekundu ambaye mambo yake hayaeleweki: anadai kodi ya kibanda bila kusema ni deni la nini, anamfunga mtu badala ya kumtoza mbuzi wa kumfuta machozi aliyekosewa. Mwishoni mtoto anazaliwa na kupewa jina la Aeroplane. Mchapishaji wa kwanza, Macmillan, alitaka sehemu ya tohara ya wasichana ipunguzwe. Huxley alikataa, akaupeleka mswada kwa Chatto & Windus. Na katika utangulizi alikiri mwenyewe kwamba mtu wa jamii moja hawezi kuona kikamilifu kwa macho ya jamii nyingine.

Lakini mkono huohuo, miaka minne tu kabla, ulikuwa umeandika White Man's Country, vitabu viwili vya kumsifu Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, na kazi yao. Jina lake linamaanisha nchi ya Mzungu, na ndivyo alivyokusudia. Wakati wa Vita vya Pili alibishana kwa barua na Margery Perham, msomi wa Oxford, na barua hizo zikachapishwa mwaka 1944. Perham alitetea haki za Waafrika. Huxley akasimama na walowezi. Yaani huyu hakuwa mtu wa kutojua. Alikaa na wazee, akasikia jinsi mashamba yalivyokwenda, akaandika vizuri kuliko Mzungu mwingine yeyote wa zama zake niliyemsoma, kisha akarudi upande wa waliochukua. Jambo hilo ndilo ninalotaka kijana wa kidato cha nne alione na kulijadili, nalo halionekani ukimsoma kwa kitabu kimoja.

Mtaniambia: Kenyatta alishaeleza maisha ya Wakikuyu katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, na Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, akaandika Weep Not, Child mwaka 1964. Tunamhitajia nini Huxley? Nakubali kwamba hao ndio wa kwanza. Mwalimu akiwa na wiki moja tu, amsome Ngũgĩ. Ila wazee waliomsimulia Huxley walikwisha kufa zamani, na maneno yao yamebaki humo, yamepita kwenye kalamu yake. Kwenye kesi ya shamba tunamsikiliza hata shahidi wa upande wa pili, tena tunambana kwa maswali. Kwangu mimi yeye ni shahidi wa namna hiyo. "Mwandishi wa Kenya" simwiti.

Liko na jambo ambalo wengi hawalitaji. Ripoti yake ya miaka ya 1940 ndiyo iliyopendekeza kuundwa kwa East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948 na kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za kwetu. Utenzi wa Vita vya Uhud wa Haji Chum ulitoka huko mwaka 1962, na kwa upande wa Kenya mrithi wa shirika hilo ni KLB (Kenya Literature Bureau), ambayo vitabu vyake viko kwenye mikoba ya watoto wetu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake za kutaka Mwafrika asome hiki na si kile. Hata hivyo tenzi zilichapishwa, nasi tunazisoma.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Red Strangers itafsiriwe kwa Kiswahili, utangulizi uandikwe na mwanahistoria wa Kikuyu, na maktaba za shule ziiweke kando ya Kenyatta na Ngũgĩ. Ile ya Thika isomwe kwenye darasa la historia, siku ileile wanafunzi wanapofundishwa Hola.

Naomba kusikia zaidi wa Thika, Murang'a na Nyeri. Wale ambao babu au bibi zao walichuma kahawa kwenye mashamba hayo: nyumbani kwenu walisimulia nini kuhusu ardhi ile kabla haijauzwa, na je, mngekubali mtoto wenu aanze kuisikia habari hiyo kwa mkono wa Huxley?