Somo la mifumo ya taarifa za uhasibu na mada ya uzamivu: nianzie wapi?

Leja_Kizingo:
Assalam aleikum wakuu. Muhula ujao nakabidhiwa somo la mifumo ya taarifa za uhasibu, mwaka wa tatu, hapa Mombasa. Silabasi niliyopewa ni programu moja tu, mwanzo hadi mwisho. Tena naandaa pendekezo la uzamivu: "Athari ya mifumo ya taarifa za uhasibu kwa utendaji wa kampuni za uwakala wa forodha." Somo nilipange vipi, na mada hii itanifikisha?

Mizani:
Waaleikum salaam mwalimu. Programu iweke nyuma. Toleo likibadilika, aliyekariri vitufe anabaki mikono mitupu. Wiki za mwanzo wachore kwa kalamu mzunguko wa ununuzi: agizo, hati ya mapokezi, ankara, malipo. Kila hatua waandike nani anaidhinisha, nani anashika mali, nani anaandika vitabuni. Mtu mmoja akishika mawili kati ya hayo, waeleze wizi utapitia wapi.

Kisha ingia REA, modeli ya kupanga data za uhasibu aliyoitoa William McCarthy wa Michigan State mwaka 1982: rasilimali, matukio, wahusika. Unahifadhi tukio lenyewe. Debiti na krediti zinatolewa humo baadaye. Chukua wakala wa bandarini. Kosa la kawaida ni kuweka malipo ndani ya mstari wa ankara. Jedwali linapendeza mpaka mteja alipe nusu leo nusu Ijumaa, au malipo mamoja yafute ankara tatu. Dawa ni jedwali la tatu katikati: namba ya ankara, namba ya malipo, kiasi. Hapo kaa wiki mbili nzima, maana ndipo somo lilipo.

Mkifika kwenye Excel, waonye: hula sifuri za mwanzo na hushika tarakimu 15 tu, kwa hiyo namba ndefu ziingie kama maandishi. Na 03/04, yaani Aprili 3, inaweza kugeuka Machi 4 bila mtu kuona.

Tudor_Ukaguzi:
Mada hiyo ina ufa, ndugu. Kwa kawaida huishia kwenye dodoso la ngazi tano lililojengwa juu ya modeli ya Fred Davis ya 1989 kuhusu kukubalika kwa teknolojia. Meneja yuleyule, siku ileile, anajibu kwamba mfumo ni mzuri na kwamba kampuni inaenda vyema. Majibu yatafuatana hata kama mfumo haukusaidia chochote, na mhakiki makini atauliza hilo kabla ya lingine. Utendaji upime vitabuni: siku za kufunga mwezi, maingizo ya marekebisho, ankara zisizolingana na agizo. Linganisha kabla na baada ya badiliko lenye tarehe, kwa mfano siku kampuni ilipoanza kutoa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA.

Ukipenda upande wa udanganyifu, kuna kanuni ya Benford: katika orodha nyingi za kiasi, tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa takriban 30.1%, na 9 kwa takriban 4.6%. Lakini usiitupie kila data. Ada iliyopangwa kwa kila kontena haiifuati, kwani bei ni chache na zinajirudia; utamtuhumu mtu bure. Itumie kwenye ankara za wauzaji zinazoanzia mamia hadi mamilioni. Tazama pia chini kidogo ya kikomo cha idhini: meneja akiishia shilingi 50,000 na kiasi kinachoanza na 49 kikafurika, huenda ankara zinakatwa vipande ili zisivuke kikomo.

Leja_Kizingo:
Shukran sana. Na kampuni zikigoma kutoa data?

Tudor_Ukaguzi:
Tangulia na idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Usiombe leja nzima. Omba safu saba: namba ya ankara, msimbo wa muuzaji, kiasi, msimbo wa aliyeingiza, saa ya kuingiza, saa ya kuidhinisha, saa ya kulipa. Majina wayageuze misimbo wao wenyewe kabla faili haijatoka ofisini, kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na muuzaji mmoja abaki na msimbo mmoja faili nzima. Zile saa tatu zing'ang'anie. Bila hizo hutajua kama idhini ilitangulia malipo au ilibandikwa baadaye.

Mizani:
Na kwenye mkataba wa usiri omba kifungu cha kuruhusu sehemu ya faili hiyo itumike darasani. Wakikubali, mazoezi ya muhula mzima umeyapata humo.