Mjadala: Kisumu ianzishe taasisi ya utafiti wa uzee, au pesa ziende zahanati?

Hoja: chuo kikuu kiunganishe tiba, uuguzi, uhandisi na sayansi ya jamii katika taasisi moja ya uzee, afya na teknolojia.

Mhadhiri wa uhandisi, Kisumu: Naunga mkono, mradi isiwe kamati ya kukutana mara moja kwa muhula. Taasisi isiyo na bajeti yake wala nafasi zake za kazi humezwa na idara. Mhandisi anayepandishwa cheo na idara yake ataandika makala ya idara yake, na kifaa cha wazee kitabaki kabatini. Haya yaandikwe kwenye hati kabla haijafika seneti ya chuo.

Muuguzi, Kakamega: Mwalimu, kwa heshima, shida iko nyumbani kwa mzee. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba mwaka 2023, na mashine ya presha imo. Mkanda wake wa kufunga mkononi, ule wa kawaida wa mtu mzima, hufaa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Nyanya aliyekonda, mwenye mkono wa 19, atasomwa chini kuliko hali yake. Mwenye 36 atasomwa juu, aongezewe dawa, kisha aamke usiku kwenda choo na kuanguka. Suluhisho ni tepu ya fundi cherehani ya kupima mkono, na mikanda ya saizi tatu. Tena apimwe akiwa amelala dakika 5, halafu amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, yuko hatarini kuanguka. Haya yote yanajulikana, jengo la nini?

Mhadhiri: Yanajulikana, ndiyo, lakini mbona hayafanyiki? Kipimo hicho kinakula karibu dakika kumi kila nyumba. Na kuna shida nyingine: alama za vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini zimesagika, mashine ya usajili inamkataa. Muuguzi peke yake hatatui hilo, wala mhandisi peke yake.

Mtafiti wa jamii, Siaya: Mimi nina wasiwasi na vipimo vya kumbukumbu. Ukimwambia mama ambaye hakusoma atoe 7 kutoka 100 mfululizo, unapima shule, si ubongo. Kutafsiri kwa Dholuo au Kiluhya hakutoshi. Lazima kipimo kijaribiwe upya kwa wazee wa hapa. Na majibu yakitumwa kwa simu, mara nyingi anayeisoma ni mjukuu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, vitangulie. Data iliyokusanywa kabla ya hapo ni kazi bure.

Muuguzi: Basi nakubali kwa sharti: mwaka wa kwanza pasijengwe kitu. Pesa zinunue mikanda, zilipe wahudumu kwa muda wa ziada, na muuguzi mmoja awe na kura kwenye bodi.

Mhadhiri: Kura mbili, dada. Mmoja atazidiwa.