Nimeachiwa farasi aliyekonda, hataki kula na anajilaza. Mwenye uzoefu anisaidie (Bagamoyo)

mama_mbuzi_kiromo

Wakuu salaam, naomba msinicheke. Mimi ni mfugaji wa mbuzi wa maziwa hapa Kiromo, mbuzi kumi na mmoja na kuku kidogo. Farasi nilikuwa namwona kwenye TV, na siku mojamoja ufukweni akipandishwa watoto wa wageni. Sasa ninaye mmoja nyuma ya nyumba.

Ilikuwa hivi. Kuna mtu alikuwa na farasi wawili wa kupandisha wageni ufukweni. Biashara ikafa, akaondoka, akawaacha mikononi mwa mlinzi. Mlinzi mwenyewe hajalipwa miezi minne, angewalisha nini? Mmoja akafa. Huyu aliyebaki tulimkuta amefungwa kwenye mnazi, anatafuna makuti makavu yaliyoanguka, kamba imemla shingoni mpaka nyama inaonekana. Daktari wa mifugo anayenitibia mbuzi ndiye aliyenipigia: "Mama, wewe una eneo na una huruma. Kaa naye miezi mitatu tukimtafutia pa kwenda." Mume wangu alikuwa safarini. Amesharudi, tumeshaongea, hayo tuyaache.

Ni jike, rangi ya kahawia. Mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani, na mifupa ya nyonga imechomoza kama mpini wa jembe chini ya shuka. Watoto wa jirani wamempa jina Bahati.

Tangu juzi nimempa pumba za mahindi, ndoo ndogo asubuhi na jioni, pamoja na majani ya mti wa lusina ninayowakatia mbuzi. Alikula kwa pupa mpaka nikafurahi. Jana jioni akaacha ghafla. Leo anageuza shingo kutazama ubavu wake, anaparapara chini kwa mguu wa mbele, analala, anainuka, analala tena. Tangu usiku kanya mara moja tu, tena kidogo na kigumu. Daktari yuko Chalinze kwenye chanjo, anafika kesho asubuhi. Usiku huu nifanye nini? Naogopa wema wangu ndio unaomuua.

kijana_wa_dunda

Farasi Bagamoyo tena? Yule mpelelezi Stanley aliondoka hapahapa 1871 na farasi wawili, wote wakafa kabla hajafika mbali. Dada, hii nchi ya pwani haina urafiki na farasi.

mzee_kichanja

Mnyweshe mafuta ya kula nusu lita kwa chupa, changanya na magadi kidogo. Ng'ombe wetu tumbo likijaa tunafanya hivyo, anapona.

saisi_mstaafu

Mleta uzi, usifanye hilo la chupa! Mzee hapo juu nia yake njema, lakini farasi si ng'ombe. Ukimmiminia mafuta mdomoni yakapotea njia yanaingia mapafuni, na hapo umemzika. Mafuta ya tumbo daktari huyapitisha kwa mpira wa puani, tena baada ya kuhakikisha mpira umefika tumboni kweli.

Nimekaa na farasi miaka tisa Usa River, nikifagia mazizi na kuwapanda. Unachokieleza ni msokoto wa tumbo, yaani maumivu makali ya utumbo. Farasi hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia lazima kipite chote hadi nyuma, kikikwama ndio hayo.

Sasa hivi: ondoa pumba na kila chakula, maji yabaki. Akijilaza kwa utulivu mwache apumzike. Akitaka kujibiringisha mwinue, mtembeze polepole dakika kumi, halafu apumzike. Usimkimbize. Weka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu, kulia na kushoto. Tumbo lenye afya hunguruma kama maji kwenye bomba. Likiwa kimya kabisa pande zote, mpigie daktari hata kama ni saa nane usiku. Halafu tafuta mshipa chini ya taya, unauhisi kwa vidole viwili. Hesabu mapigo ya dakika nzima. Farasi mzima aliyetulia ana 28 hadi 44. Ukizidi 60 na haushuki, hali ni mbaya.

Andika kila kitu na saa yake. Daktari akija hatakuuliza unavyojisikia, atakuuliza namba.

mama_mbuzi_kiromo

Asante sana kaka. Mshipa nimeutafuta robo saa, nilikuwa nashika mfupa. Sasa nimeupata: 54. Kushoto kimya, kulia kunanguruma kwa mbali. Nimechukua daftari la mwanangu la Hisabati, naandika.

mama_mbuzi_kiromo

Saa kumi kasoro alfajiri KAJAMBA. Wakuu sijawahi kufurahia kitu kama hicho maishani mwangu. Saa kumi na nusu kanya, mavi madogo makavu yenye utando. Mapigo 46. Mume wangu ndiye aliyeshika tochi.

dokta_wa_zizi

Hongera, lakini bado hamjavuka. Mimi ni daktari wa mifugo, siko Bagamoyo, kwa hiyo aliyemshika mnyama ndiye mwenye neno la mwisho. Nitasema yale ambayo nadhani hakuna aliyekwambia.

Mnyama aliyekaa na njaa wiki nyingi mwili wake umezoea kujila wenyewe. Ukimpa wanga mwingi kwa mkupuo, kama hizo pumba, sukari inapanda, mwili unavuta madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli, na damu inabaki tupu. Moyo na misuli ya kupumua vinashindwa. Ndiyo maana farasi wengi waliookolewa hufa wakiwa wameshaokolewa, siku ya tatu, ya nne, ya tano, na mwenye kuwalisha analia kwamba "alikuwa anakula vizuri."

Kwa hiyo chakula chake sasa ni nyasi. Nyasi nzuri zilizokauka bila ukungu, kidogo kidogo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa siku tatu za kwanza. Halafu unaongeza taratibu mpaka siku ya kumi, ndipo unaanza kumwachia ale zaidi. Ukipata alfaalfa kavu (majani ya malisho jamii ya kunde) ni bora kuliko vyote, maana ina protini na madini na wanga wake ni mdogo. Pumba zisahau kwa sasa. Na za mahindi zenye ukungu usimpe kamwe, hata akishanenepa: kuna sumu ya ukungu huo inayoozesha ubongo wa farasi, wakati ng'ombe anaivumilia zaidi.

Lusina acha pia. Mbuzi wako wana vijidudu vya tumboni vinavyoivunja sumu yake, farasi hana. Akizoea kula hiyo atanyonyoka singa za shingoni na mkiani.

Mengine mawili, sikilizeni wote mnaofuga mchanganyiko. Chakula cha kuku wa nyama chenye dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), hasa monensini, kinaua farasi hata kwa kiasi kidogo, kinapiga moyo. Kuku wakila, farasi awe mbali na lile gunia. Na dawa ya kuogeshea kupe yenye amitrazi, ile mnayowanyunyizia ng'ombe, usimguse nayo. Inasimamisha utumbo wake, mtarudi kwenye msokoto huuhuu. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kununua.

Swali: huko alikotoka alikuwa analishwa wapi? Chini?

mama_mbuzi_kiromo

Chini kwenye mchanga, pale ufukweni. Hakukuwa na hori wala karai.

dokta_wa_zizi

Basi chukua mavi yake mabichi, yasiyogusa ardhi, matonge manne au matano. Yatie kwenye chupa inayoonyesha ndani, iliyokatwa shingo, jaza maji, koroga, acha nusu saa. Uje utuambie umeona nini chini.

punda_wa_korogwe

Wakati tunasubiri chupa: hilo jeraha la kamba. Mimi nina punda sita, na majeraha ya kamba ndiyo elimu yangu. Chemsha maji lita moja, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, yapoe, osha mara mbili kwa siku mpaka uchafu utoke. Usipake oili chafu, wala majivu, wala ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau kila siku kama unapaka ukuta. Mwombe daktari chanjo ya pepopunda leo leo. Farasi na punda ndio wanyama wanaoogopa pepopunda kuliko wote, kidonda kidogo cha kwatoni kinatosha. Ukiona ameanza kukakamaa masikio na taya, umechelewa.

Na usimfunge kamba shingoni tena. Tengeneza hatamu ya kichwa kwa mkanda mpana wa turubai au utepe wa begi la shule.

mama_mbuzi_kiromo

Siku ya nne. Daktari alikuja na mpira wake, akampitishia mafuta, kamchoma pepopunda. Yuko hai, anakula nyasi, niliweka kengele ya simu kila saa nne, kichwa changu kinaniuma.

Chupa nimeifanya. Niliiweka juu ya tofali, nikaenda kukamua mbuzi. Nikarudi: juu maji ya kijani, katikati nyuzinyuzi zinaelea, na chini kumetulia mchanga mweupe wa pwani, umejipanga vizuri kama sukari chini ya glasi ya chai. Unene wa kidole gumba. Mwanangu akaumimina kiganjani, akasema, "Mama, Bahati ana ufukwe tumboni."

saisi_mstaafu

Mtoto kamaliza kila kitu hapo. Wa pwani wengi wako hivyo. Asile chini tena, nyasi ziwe kwenye karai pana au juu ya turubai, na maji safi muda wote. Farasi wa kilo zake hunywa lita ishirini na zaidi kwa siku kwenye joto la Bagamoyo, na jiwe la chumvi alambe. Maduka ya Wahindi Kariakoo ulizia isabguli, ile ya kulainisha choo cha watu. Daktari wako akikubali atakupimia kiasi, inasaidia kubeba mchanga. Lakini msukuma mchanga mkubwa ni nyasi nyingi zenyewe.

kijana_wa_dunda

Nifute utani wangu wa Stanley. Lakini swali la kweli: mbung'o hawatamchukua? Saadani si mbali.

punda_wa_korogwe

Swali zuri hilo. Nagana, ugonjwa wa mbung'o, ipo, na homa kubwa ya farasi wa Afrika nayo ipo, hii inaletwa na visubi, vile vidudu vidogo vya machweo. Mwingize ndani kabla ya magharibi, umtoe jua likishachomoza. Mbung'o wao huuma mchana, kwa hiyo asichungwe vichakani mtoni. Akianza kuwa na homa za vipindi na fizi zimepauka, damu ikapimwe. Sisi wa Tanga tuna kituo cha utafiti wa mbung'o tangu zamani. Mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi walizalishwa pale wakaachiwa Unguja, na huko mbung'o wakaisha miaka ya tisini. Kwa hiyo mtu wa kupima damu huku pwani hakosekani, daktari wako anajua njia.

Halafu usimlaze peke yake. Farasi ni wa kundi. Mbuzi wawili wapole watamtosha.

mama_mbuzi_kiromo

Wiki ya tisa, samahani nilipotea. Nilifuata mliyosema, na nyingine nikakosea (siku moja alifungua lango akala embe kumi na tatu zilizoanguka, nikahesabu kokwa, hatukulala). Chupa ya juzi ilikuwa na mchanga kama wa kucha tu. Kidonda kimefunga, manyoya yanaota meupe. Fundi wa kwato nilimpata kwa taabu, anakata kidogo kila wiki sita, anasema zilivyorefuka zikikatwa kwa siku moja atachechemea.

Daktari alinifundisha kupima uzito kwa kamba ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua mara mzunguko wa kifua, mara urefu toka ncha ya bega hadi makalioni, gawa kwa 11,880. Bahati alipokuja kifua kilikuwa sentimita 150 na urefu 140, kilo 265. Leo kifua ni 158. Kilo 294! Analala na mbuzi wawili, mmoja anapanda mgongoni kwake kuota jua.

Sasa tatizo jipya. Mwenye farasi kapiga simu. Amesikia amenenepa. Anasema nimpelekee Jumamosi, kuna mtu Dar anataka kumnunua.

mzee_kichanja

Wamesubiri anenepe. Ndio watu hao.

saisi_mstaafu

Mlipomchukua mliandikishiana?

mama_mbuzi_kiromo

Hapana. Mlinzi alinikabidhi kamba tu.

dokta_wa_zizi

Kumlea hakukupi umiliki, hilo ukubali mapema. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, na mnyama alikutwa anakufa njaa. Daktari wako ana kumbukumbu za siku ya kwanza. Usimkabidhi mtu yeyote njiani. Mwambie mkutane kwa mtendaji wa kijiji, daktari awepo, mlinzi awepo. Weka mezani gharama zako zote na picha za siku ya kwanza. Kuna njia tatu: alipe gharama amchukue kwa masharti ya matunzo, akuachie kwa maandishi, au huyo mnunuzi aje mwenyewe amwone anapoishi na daktari amhoji. Na mwambie wazi: safari ya lori hadi Dar kwa mnyama aliyetoka kwenye msokoto wiki tisa zilizopita, daktari ndiye ataamua.

punda_wa_korogwe

Na ongeza hivi: hata akikubali kukuachia, pata karatasi yenye mihuri. Ya mdomo tumeshayaona.

mama_mbuzi_kiromo

Amekubali kuja. Kesho saa tatu, ofisi ya mtendaji. Daktari atakuja na pikipiki, mlinzi nimemtumia nauli. Daftari lote liko tayari, mapigo, nyasi, isabguli, marobota na bei zake. Ukurasa wa mwezi wa kwanza hausomeki vizuri upande wa chini, Bahati alitafuna kona yake wakati nahesabu. Nitaenda nalo hivyohivyo.