Chunusi zisizokwisha usoni: chanzo ni nini na tiba ipi?

Dada wa Nkuhungu
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Nina umri wa miaka 27, naishi Dodoma mjini, na nina chunusi zilizoanza nikiwa sekondari ambazo hadi leo hazijaisha. Sasa zimekusanyika zaidi mashavuni na kidevuni, na kila moja ikipoa huacha doa jeusi. Nimebadili sabuni na kuacha karanga bila nafuu yoyote. Krimu pekee iliyonisaidia ni ile niliyopimiwa katika duka moja la vipodozi, kwenye kikopo kisicho na lebo: nikiipaka, uso hulainika ndani ya siku chache, ila nikiiacha chunusi hurudi nyingi kuliko mwanzo. Je, tatizo ni hali ya hewa ya huku, chakula, au homoni?

Mfamasia Makole
Pole sana, dada. Mimi ningeanza na hicho kikopo. Krimu inayotuliza uso upesi namna hiyo, kisha chunusi zikafumka ukiiacha, mara nyingi huwa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, zilezile zinazochanganywa kwenye mkorogo. Steroidi huzima uvimbe, ndiyo maana unaona nafuu, lakini ikitumika kwa muda mrefu yenyewe huzalisha chunusi na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Iache, ukijua kwamba uso unaweza kuchafuka zaidi kwa wiki kadhaa. Na kama umeitumia kwa miezi mingi, ni vyema daktari akusimamie.

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo: homoni huchochea tezi za mafuta, seli zilizokufa huziba njia, bakteria huongezeka humo na uvimbe hufuata. Kusugua kwa sabuni hakufiki huko. Kinachofika ni adapalini, dawa ya kuzibua vinyweleo, ya asilimia 0.1, inayopakwa usiku kwa kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, wala si juu ya kipele kimojakimoja, pamoja na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 asubuhi (angalia mitandio yako, maana hufubaza rangi ya nguo). Zote hukausha ngozi, hivyo anza kwa kupaka siku moja na kuruka inayofuata, kisha subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema zimeshindwa. Wengi huacha katika wiki ya tatu.

Mama Ihumwa
Mdogo wangu, kuhusu homoni, jichunguze: je, hedhi yako hurukaruka, au una nywele nene zinazoota kidevuni? Ukiwa nazo, daktari achunguze ovari (vifuko vya mayai). Sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango navyo huwaletea baadhi ya wanawake chunusi. Upepo na vumbi la kiangazi chetu havileti chunusi, ila hutufanya tujipake mafuta mazito ya mgando usoni, na mafuta ya namna hiyo yanaweza kuziba vinyweleo; losheni nyepesi inatosha. Karanga umezionea bure. Soda na vitu vyenye sukari nyingi ndivyo vya kupunguza.

Dada wa Nkuhungu
Nawashukuru sana. Hedhi yangu haina shida. Hata hivyo, mimi na mume wangu tunatarajia kutafuta mtoto mwaka huu. Je, dawa hizo ni salama?

Mfamasia Makole
Umefanya vizuri kusema. Basi adapalini usiianze. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza ambayo hutumika kwa chunusi, usiinunue kiholela: haifai kwa mjamzito, na hata kwa wengine hutolewa kwa takriban miezi 3 tu pamoja na dawa ya kupaka, ili bakteria wasijenge usugu. Isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, usiiguse kabisa, kwa kuwa husababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni. Benzoili peroksaidi inaruhusiwa, na pia asidi ya azelaiki, ambayo husaidia kufifisha madoa. Mchana paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, maana jua la Dodoma huyakoleza madoa hayo. Ukiota vinundu vikubwa vyenye maumivu, omba rufaa kwa daktari wa ngozi mapema, kabla havijaacha makovu, na uende na hicho kikopo akione.