Geji zote ziko salama, dakika ya 5 ikigonga injini inanoki. Huu ni uhuni!

Wakuu, leo mtanivumilia. Hii simuleta ya ndege za vita tunayoirukia wengi wetu (jina silitaji, anayeijua anaijua) imetoa apdeti nyingine, na ile saa iliyofichwa ndani ya injini bado ipo. Walivyojisifu kwamba "injini zimeboreshwa" nikadhani wamesikia kilio. Wapi!

Kwa ambaye hajakutana nayo: chukua P-51D, ndege ya kivita ya Marekani. Throto inchi 67 za zebaki (ndiyo presha ya hewa inayoingia kwenye injini), mizunguko 3000 kwa dakika, nguvu ya dharura. Kitabu cha rubani kinakupa dakika 5. Sawa, hatubishani na kitabu. Sasa uko nyuma ya Fw 190 ya Wajerumani, mko chini kabisa usawa wa miti, unamla taratibu. Unatupia jicho geji: maji ya rejeta nyuzi 105, oili 75, presha ya oili imetulia panapotakiwa. Hakuna mshale uliosogelea nyekundu. Halafu dakika ya tano inatimia, kra! Oili kioo kizima, propela imeganda. Nguvu haikupungua kwanza, injini haikupiga misi, joto halikupanda hata nyuzi moja. Sekunde hii nzima, sekunde inayofuata chuma chakavu.

Jamani, ile dakika 5 haikuwa muda wa injini kufa! Ulikuwa mpaka waliojiwekea watu ili injini ifike siku ya kufunguliwa na mafundi ikiwa bado inafaa. Kwenye P-51 halisi throto ilizuiwa na waya mwembamba, ukitaka nguvu ya dharura unausukuma unakatika. Ukitua, fundi akiukuta umekatika anajua injini imepigishwa kazi ya kweli, anaikagua. Basi. Hakuna rubani aliyeambiwa kwamba sekunde ya 301 konrodi itatoka nje kumsalimia.

Na marubani wenyewe walikuwa wanavuka mipaka hiyo mchana kweupe. Mwaka 1940 petroli ya oktani 100 iliruhusu Merlin, injini ya Spitfire na Hurricane za Uingereza, ipandishwe presha kutoka pauni 6¼ hadi 12 kwa inchi ya mraba, kwa dakika 5 za dharura. Vijana wakaipenda kiasi kwamba Agosti mwaka huohuo Dowding, mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, ilibidi awaandikie wasiitumie ovyo, maana beringi zilikuwa zinaumia. Soma hiyo vizuri: beringi zinaumia, injini inachakaa, bosi anakasirika. Kwenye gemu hili wale vijana wote wangekuwa wameshaangukia baharini.

Kwenye P-40, nyingine ya Wamarekani, ndiyo kichekesho kabisa. Kitabu cha matoleo ya mwanzo kiliruhusu inchi 45 hivi wakati wa kuruka. Desemba 1942 kampuni ya Allison yenyewe, watengenezaji wa injini yake, iliandika kwamba inapata taarifa za marubani wanaotumia inchi 66 na hata 70 vitani. Haikufurahi, lakini injini zilikuwa zinarudi nyumbani. Ukijaribu hivyo humu hata kona ya kwanza humalizi.

Halafu hiyo P-40 haina kifaa cha kudhibiti presha chenyewe. Ukipiga mbizi, hewa inazidi kuwa nzito, presha inapanda bila wewe kugusa throto. Kwa hiyo unamfukuza mtu kwenda chini, mkono umetulia, kumbe saa imeshaanza kuhesabu na hujui. Kupunguza throto kwenye mbizi ni kazi ya rubani, hilo nalikubali na nalipenda, ndiyo raha ya ndege ile. Lakini nionyeshe basi madhara kwa joto, kwa mtetemo, kwa mlio! Siyo kwa kaunta iliyofichwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uharibifu wa kweli hauadhibiwi kabisa. Kila anayejua injini za propela inayobadili pembe anajua utaratibu: ukiongeza nguvu unatanguliza mizunguko, kisha throto, ukipunguza unaanza na throto. Ukikosea mpangilio, presha kubwa kwenye mizunguko midogo, mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio, pistoni zinatobolewa. Sasa nendeni mkajaribu humu: teremsha mizunguko hadi 2000, sukuma throto mpaka mwisho. Ndege inanguruma kama haina shida na mtu, inasubiri dakika zake 5 tu. Washa injini ya baridi, oili haijapata joto, paa na nguvu zote. Hakuna kinachotokea! Yaani anayeitesa injini na anayeilea kwa adabu wanakufa dakika moja. Sasa mimi najifunza nini hapo? Najifunza kuweka saa ya simu mezani, ndicho wanachofanya watu kwenye seva sasa hivi.

Na muda wa injini "kupona" haujaandikwa popote. Ukirudi inchi 46 na mizunguko 2700, unapumzika dakika ngapi ndipo urudishiwe zako 5? Kila mtu ana jibu lake. Wa Fw 190 yeye ana wenzo mmoja, kompyuta yake ya mitambo inampangia mizunguko, mchanganyiko wa mafuta na hewa, na gia ya supachaja (pampu inayoshindilia hewa kwenye injini). Sina ugomvi naye, ndivyo ndege ilivyotengenezwa. Ila na yeye ana dakika zake 3 kwenye ata 1.42 (ata ni kipimo cha presha cha Wajerumani), naye ananoki vilevile kijinga, kwa hiyo wanaosema huu ni wivu wa wapenda ndege za Marekani waache.

Kuna watakaoniambia injini zilikuwa zinakufa kweli. Ndiyo, zilikuwa. Wajerumani waliizuia DB 605A, injini ya ndege yao ya Bf 109, isifikishwe ata 1.42 mpaka matatizo yake yaliporekebishwa. Sijaomba injini isiyokufa. Naomba ife kwa sababu: joto limezidi, oili imepungua, imechoka na safari za nyuma, au bahati mbaya tu leo imekuwa mapema, kesho inachelewa. Ukiweka uwezekano unaoongezeka kadiri unavyozidisha, rubani atakuwa na wasiwasi wa kweli mkono ukiwa kwenye throto. Kwa sasa wasiwasi wote uko kwenye kuhesabu.

Niliwaandikia watengenezaji, nikaambatanisha rekodi ya mpambano mzima. Jibu: "inafanya kazi kama ilivyokusudiwa." Sentensi moja, tiketi imefungwa.

Mwenye rekodi inayoonyesha geji zote pamoja na dakika injini inapokufa aiweke hapa chini, ndege yoyote ile. Nazikusanya niwafungulie tiketi nyingine. Na wewe unayekuja kuandika "jifunze kuruka", weka kwanza yako ya inchi 67 kwa dakika 6.