MREJESHO: Baba aliyezibuliwa mshipa wa mguu

Shikamooni wakubwa. Niliuliza kama baba apumzike au afanye mazoezi baada ya kuzibuliwa mshipa wa damu wa mguu kwa puto (kiputo kidogo kinachoingizwa ndani ya mshipa na kujazwa ili kuupanua). Jibu: mazoezi, tena chini ya uangalizi.

Mtaalamu wa fiziotherapia alitueleza kuwa puto hufungua mshipa tu. Misuli iliyokosa damu muda mrefu lazima ifundishwe upya kwa kutembea. Kawaida ni mara 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 60 pamoja na mapumziko, kwa wiki 12 au zaidi.

Anatembea mpaka shavu la mguu limbane kweli, anasimama kashika ukuta, maumivu yakiisha anaendelea. Mama alikuwa anamkalisha kila akikunja uso, akakatazwa! Siku nyingine namsindikiza Kirumba, hapa Mwanza, njia ya Mwaloni, kwa kuwa ni tambarare. Vilima vya Mabatini bado.

Sigara kaacha, na hilo limenifurahisha kuliko yote. Ana kisukari, kwa hiyo kila jioni namkagua nyayo na katikati ya vidole. Mguu ukipoa au kupauka ghafla, au ukiuma akiwa amekaa, tumeambiwa twende hospitali saa hiyo hiyo.

Asanteni sana mlionisihi nisimwache alale tu.